Miti Yenye Pete ya Rangi

Kazi yangu ni kupima miti, na kabla hujacheka, jua kwamba wengi wamecheka kabla yako. Baba yangu mzazi mpaka leo anawaambia watu kwamba binti yake "yuko kwenye mambo ya misitu", kwa sauti ya mtu anayeficha ugonjwa wa ukoo. Wenzangu shambani wananiita Mama Futi kwa sababu ya utepe ninaoutundika shingoni, na wakiniona natokea kwenye kona wanavuta matumbo ndani, eti nisije nikawapima na wao. Hayo nimeyazoea. Ambacho sijakizoea ni kuambiwa kwamba vipimo vyangu vina kasoro. Hapo hupandwa na mori upesi, na watu wote wa nyumbani kwangu wanalijua hilo.

Shamba letu ni la mikaratusi. Siyo msitu uliojiotea. Ni miti iliyopandwa kwa kamba, safu baada ya safu, ukisimama mwanzo wa safu unaona mwanga upande wa pili kama mlango ulioachwa wazi. Mti huu una haraka. Unaupanda ukiwa na urefu wa kalamu, baada ya mwaka mmoja unakupita kimo, na mwaka wa saba unaukata na kuupeleka kiwandani. Kiwanda nacho hakiwezi kungoja siku ya kukata ndipo kijue kitapata magogo kiasi gani. Kinataka kujua mapema, kipange mashine, kiajiri watu, kiahidi wateja. Anayekiambia ni mimi.

Bila shaka siwezi kupima kila mti. Ningejaribu, ningestaafu kabla sijafika katikati ya shamba. Kwa hiyo katika kila kipande nachagua miduara michache midogo, tunaiita ploti, nakita kigingi katikati, na miti iliyo ndani yake naipaka pete ya rangi nyeupe kwenye usawa wa kifua, ili kila mwaka utepe urudi palepale. Napima unene, napima urefu, halafu napiga hesabu ya kipande kizima kutokana na hiyo michache. Ni kazi safi na naipenda. Mti haukununii, haukuombi lifti, na haukuulizi utazaa lini mtoto wa pili.

Tunakaa nyumba moja na mama mkwe wangu, ambaye ndiye kiongozi wa kina mama wa palizi hapohapo shambani. Nilipokuwa naolewa mashangazi zangu walinikalisha chini wakanionya kwamba mama wa mume ni mtihani. Wangu ulikuwa rahisi mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Mama huyu alinipenda kwa fujo. Nikirudi nimechoka, ndoo ya maji ya kuoga iko mlangoni. Nikikohoa mara moja, majirani wote wanaulizwa dawa. Na akikaa na wenzake kupiga soga, mwanawe wa kumzaa hatajwi, anatajwa mkwe.

"Yule akishasema neno lake, kiwanda kizima kinamsikiliza," anawaambia.

"Mama, basi," nasema mimi.

"Basi nini? Nimesema uongo?"

Mwanawe huyo asiyetajwa, yaani mume wangu, ndiye mkuu wa kikosi cha wakataji. Jina lake la kazini ni Taratibu. Kabla ya kuwasha msumeno wa mnyororo huuzunguka mti mzima, hutazama juu umeegemea wapi, hutazama chini atakimbilia wapi, kisha huupiga makofi mawili shinani. Wenzake wanasema anauposa kwanza. Lakini katika kikosi chake hajawahi kuumia mtu, na hilo hata wanaomcheka wanalisema.

Mwaka huu kilifika kipande cha mtoni kukatwa. Nilikuwa nimekipima tangu miti ikiwa michanga, na hesabu zangu zilisema malori yatapishana pale mpaka mvua zianze. Kikosi kikaingia, misumeno ikalia, magari yakapakia. Kisha asubuhi moja kukawa kimya. Mvua zilikuwa bado mbali, na kipande kimekwisha. Magogo yaliyopita kwenye mizani ya kiwanda yalikuwa pungufu kwa karibu theluthi nzima ya yale niliyoahidi.

Meneja wetu si mtu mbaya. Juu anabanwa na kiwanda, chini tunambana sisi, na katikati amebaki mwembamba. Alitukusanya uani mbele ya karakana, wakataji, wapakiaji, madereva, kina mama wa palizi na majembe yao begani.

"Miti haiyeyuki," akaanza. "Mpimaji wetu alisema itatoka kiasi fulani. Kilichofika si hicho." Akaninyooshea mkono. "Miaka yote huyu hajawahi kutuangusha. Au safari hii umekosea, mama?"

Watu wote wakanigeukia. Nilipaswa kusema nipeni siku mbili nitazame tena. Mtu yeyote mwenye akili zake angesema hivyo. Mimi, kwa ule mori wangu, nilijibu kabla sijafikiri.

"Sijakosea."

"Basi kama hujakosea, magogo yalikuwepo, na kama yalikuwepo, kuna mtu ameyashusha njiani." Akamgeukia mume wangu. "Kila gari lililotoka mtoni lilitoka mikononi mwako. Una la kusema?"

Mume wangu alinitazama. Kisha akazitazama buti zake.

"Sina," akasema.

Akasimamishwa kazi palepale, yeye na kikosi chake, na misumeno yao ikafungiwa stoo. Ijumaa wangekuja watu wa makao makuu. Kama mpaka siku hiyo magogo hayajajulikana yalipo, jambo lingekwenda polisi. Neno "mwizi" meneja hakulitamka. Lilitamkwa na wengine kwenye foleni ya chai, kwa ule mnong'ono unaotaka kusikika.

Nyumbani mama mkwe alilia mpaka kitambaa kikalowa. Alisema mwanawe tangu utotoni hajawahi kuchukua hata sukari bila kuomba, na kwamba waliomsingizia watakiona. Mume wangu mwenyewe alikaa uani akitengeneza kiti ambacho hakikuwa kimevunjika. Alikifungua miguu yote, akaifunga tena, akakikalia, akainuka, akaanza upya.

Na mimi? Nilikuwa na hesabu kichwani, nayo ilikuwa fupi. Vipimo vyangu ni sahihi. Kama vipimo ni sahihi, kuna mtu anadanganya. Siku ile nzima nilimtazama mume wangu kama ninavyoutazama mti, hapa pamenyooka, pale pana mpindo. Nilikumbuka kwamba hivi karibuni tuliezeka jiko upya, nikayatazama mabati, ingawa mabati yenyewe tulikwenda kuyanunua pamoja kwa akiba yetu wote wawili na mimi ndiye niliyeyachagua. Nilimhesabia hata nyakati alizochelewa kurudi. Nilimpakulia chakula, nikamwekea maji ya kunawa, nikamwita baba kama siku zote, na moyoni nilikuwa namkagua. Niliyaonea aibu mawazo yale, lakini nilikuwa nayo, na sikuyafukuza.

Wazo la visiki lilinijia kesho yake asubuhi nikiosha vyombo. Mwizi wa miti anachukua gogo. Kisiki hana haja nacho, anakiacha ardhini. Kama miti minene ilisimama mtoni kisha ikaishia kwa wateja wa pembeni, visiki vyake vinene bado viko palepale. Na sisi wapimaji tunajua, ukikiona kisiki, shina lake lilikuwa na unene gani kifuani. Sikumaliza hata vyombo. Nikachukua utepe na kuondoka, na sikumwambia mtu ninakokwenda, kwa sababu sikujua nataka kukuta nini.

Kipande kilichokatwa hakipendezi. Jua linaingia kila mahali kwa ghafla, matawi yamelala hovyo, harufu ya majani ya mkaratusi inakukaa puani kama dawa ya mafua. Nilipima kisiki cha kwanza, nikadhani utepe umejikunja. Nikapima cha pili, cha tatu, nikahama safu, nikahamia upande wa pili wa kipande. Vyembamba. Kila nilipoinama, vyembamba. Nilijumlisha kichwani nikapata takribani yaleyale magogo yaliyopita kwenye mizani.

Nilicheka peke yangu katikati ya shamba kama mwehu. Hapakuwa na wizi! Hakuna gogo lililoshushwa njiani, kwa sababu yale magogo ya ziada hayakuwahi kuwapo duniani. Mume wangu alikata kila kilichokuwepo na kukipeleka chote. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa ndipo kicheko kikaniishia. Kama magogo hayakuwahi kuwapo, nani aliyesema yapo? Ni mimi niliyewaambia, na nilirudia mbele ya watu wote kwamba sijakosea.

Nikaenda kwenye ploti yangu ya kwanza. Kigingi kilikuwa bado kimesimama. Kukizunguka, visiki vilikuwa vinene kama stuli za jikoni, vyote, na hatua chache tu nje ya mduara, vile vyembamba vinaanza tena. Niliinama nikashika udongo. Ulikuwa mweusi, laini, una majivu ndani yake. Na nyasi zilizong'olewa pale hazikuwa zimetupwa. Zilikuwa zimepangwa duara kuzunguka kila kisiki, tabaka juu ya tabaka, zile za chini zimeshaoza, na duara lenyewe limeachwa mbali kidogo na shina, upana wa kiganja, ili mchwa wasipate pa kupandia.

Duara lile nalijua. Nalipita kila asubuhi nikienda bafuni, maana ndivyo mama mkwe wangu anavyoitunza minyanya yake nyuma ya nyumba.

Nilizunguka ploti zangu zote za mtoni. Kote hali ilikuwa hiyohiyo. Utauliza, je, miaka yote hiyo hukuona? Niliona ploti zangu ni safi, nikadhani shamba lote ni safi. Nilikuwa naingia kwa kijia kimoja, napima, natoka kwa kijia hichohicho, macho yako kwenye utepe na akili iko kwenye hesabu. Kijia chenyewe, sasa ndipo nilipotambua, kuna mtu alikuwa ananifyekea.

Mkaratusi unakua haraka, lakini ukiwa mchanga hauwezi kugombana na nyasi. Nyasi zinaunyang'anya maji, zinaunyang'anya mbolea, na mti ulioonewa miaka miwili ya kwanza haulipi kisasi baadaye. Unabaki mwembamba mpaka siku ya kukatwa. Zamani palizi ilikuwa inapita mara tatu kwa mwaka. Kisha meneja akabanwa, ikawa mara moja. Kipande cha mtoni kilipandwa mwaka ule wa kubanwa.

Nilimkuta mama mkwe barazani akichambua mboga. Mume wangu alikuwa ametoka. Nilikaa kwenye ngazi, miguu yangu ina vumbi hadi magotini.

"Mama, nani alikuwa anaipalilia miti yangu ya pete?"

Uso wake uling'aa. Tangu jana yake alikuwa hajatabasamu, na sasa alitabasamu mpaka mwanya ukaonekana.

"Umeona, eh? Nilikuwa nangoja tu utaona lini!" Akaweka mboga pembeni. "Mimi na wenzangu. Wakati wa kupumzika mchana, tukishakula, tunapita. Hatukulipwa, wala hatukutaka kulipwa. Majivu nilikuwa nabeba kutoka hapa jikoni kwenye ule mfuko wangu. Wewe ulidhani nayapeleka wapi?"

"Lakini kwa nini, mama?"

"Si wewe mwenyewe ulitueleza siku ile ya kwanza unaipaka rangi? Ulisema wakubwa wa kiwanda wataitazama hii, halafu kwa hii wataijua mingine yote. Sasa, mwanangu, nani anampeleka mtu wake mbele za wageni hajanawa uso? Nikawaambia wenzangu, hii ndiyo ya mkwe wangu, hii ndiyo itakayomsemea. Tuipendezeshe."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kupiga kelele, yote mawili kwa wakati mmoja. Nikatafuta njia ya kumweleza, nikaipata jikoni kwake.

"Mama, ukipika maharage unajuaje kwamba yameiva?"

"Nachota moja, nalibonyeza."

"Na kama hilo moja ungekuwa umelipika peke yake, kwenye sufuria yake, kwa moto wake?"

Alifikiri. Nilimwona akilifuata lile harage kutoka sufuria moja kwenda nyingine. Tabasamu likapungua polepole, mkono wake ukabaki umeshika jani la mboga hewani.

"Tungekula mabichi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo yale magogo..."

"Hayakuwepo. Mimi nilibonyeza maharage yako, nikawaambia watu wote wakae mezani."

Alilirudisha lile jani kwenye mboga nyingine. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo ni mimi niliyemfanya mwanangu aitwe mwizi."

"Siyo wewe, mama. Mimi ndiye niliyesimama nikasema sijakosea."

"Ulisema hivyo kwa sababu yangu." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Kesho tunakwenda wote kwa meneja. Usiniambie nikae nyumbani, maana sitakaa."

Sikumwambia. Na mume wangu naye hatukumwambia chochote. Mama alisema kwanza jina lirudi, maneno yatafuata.

Ofisi ya meneja ina feni inayozunguka bila kuleta upepo, na ramani ya shamba ukutani yenye vipini vya rangi. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia hakuna gogo lililoibwa. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko angenifokea.

"Mama, wewe ni mkewe. Ungesema nini kingine?"

"Ndiyo maana sitaki uniamini. Twende ukaviinamie visiki mwenyewe. Utepe huu hapa."

Alisita, akatazama saa, akachukua funguo za gari. Mama mkwe alipanda nyuma bila kukaribishwa na akaushika mkoba wake kwa mikono miwili njia nzima.

Haki yake nimpe meneja, aliinama. Aliinama na viatu vyake vya ofisini, suruali ikashika utomvu, akapima kisiki baada ya kisiki, mimi nimesimama kando mikono nyuma ili asije akasema nimeuvuta utepe. Alipima vyembamba mpaka akaacha kuniuliza. Kisha nikampeleka kwenye kigingi. Huko hakuhitaji kupima. Aliona.

"Kwa hiyo hesabu zako zilitoka hapa."

"Zilitoka hapa na kwenye ploti nyingine kama hii. Na nilikosea. Nilipaswa kuinua macho nitazame nje ya mduara, sikuinua."

"Na hii ni kazi ya nani?"

"Yangu," akasema mama mkwe kutoka nyuma yetu. Alikuwa amesimama wima kama mtu anayeapishwa. "Kina mama wengine niliwaongoza mimi, usiwaguse. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuze mimi. Mwanangu umrudishie jina lake."

Meneja aliketi juu ya kisiki kimoja kati ya vile vinene, akakipapasa pembeni kwa kiganja, akatazama vile vyembamba vilivyojaa mpaka ukingo wa mto. Nilimwona akifikiri, na nilijua anafikiri nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nimelifikiri jana yake palepale. Mbegu ilikuwa moja. Udongo ulikuwa mmoja, mvua ilikuwa moja, upandaji ulikuwa wa siku moja. Tofauti ya mduara ule na kipande chote ilikuwa jembe tu.

"Kumbe ardhi hii iliweza," akasema mwishowe. "Ingeweza yote kuwa hivi."

"Tungepalilia yote," mama mkwe akasema. "Ila mchana wenyewe ni mfupi, na sisi tuko wachache."

Meneja akainamisha kichwa. Yeye ndiye aliyeikata ile palizi, na sisi sote watatu tulilijua hilo, na hakuna aliyelitamka. Nilijizuia. Mnaonijua mtajua nilijizuia kiasi gani.

Mchana uleule alitukusanya tena uani, na kikosi alichokisimamisha akakiita. Nilikuwa na hofu atazungukazunguka, atasema hali ya hewa, atasema mdudu. Hakuzunguka. Alisema hapakuwa na wizi, kwamba miti ilikuwa na ujazo mdogo kuliko ilivyodhaniwa, kwamba kosa lilikuwa la vipimo na la ofisi yake, na kwamba amemwonea mkuu wa kikosi mbele za watu na sasa anamwomba radhi mbele za watu haohao. Alitoka alipokuwa amesimama, akamfuata mume wangu, akampa mkono. Wakataji wakapiga makofi. Wale wa foleni ya chai nao wakapiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote.

Kisha akasema yangu. Ploti zote zingefutwa. Ningepima shamba upya, kipande kwa kipande, kwa alama zisizoonekana, na mpaka wakati huo hesabu zangu zingepitiwa na mtu kutoka makao makuu. Mama mkwe hakufukuzwa. Aliambiwa tu asiubebe tena mfuko wa majivu. Kuhusu palizi ya mara tatu alisema ataiomba. Mimi nilisimama nikiusikia utepe shingoni mzito kama mnyororo. Iliniuma, sitadanganya, na nilistahili.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama mkwe alitangulia na wenzake, wanaongea wote kwa pamoja. Mume wangu alikuwa amerudishiwa msumeno wake, ameubeba begani, na mimi nilitembea pembeni yake. Nilimweleza yote, visiki, duara la nyasi, maharage. Alisikiliza bila kushangaa, na kule kutoshangaa kwake ndiko kulikonifanya nisimame.

"Ulijua?"

"Ya mama sikuijua." Akaendelea kutembea, ikabidi nimfuate. "Ila mti ukiukata unausikia. Ile ya mtoni ilikuwa inaanguka kabla msumeno haujapata moto. Tangu wiki ya kwanza nilisema moyoni, mke wangu safari hii kateleza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa natafuta namna. Unajua ulivyo ukiambiwa."

"Na pale uani? Alikuuliza mbele ya watu wote, una la kusema?"

"Wewe ulikuwa umeshasema hujakosea," akasema, kana kwamba jibu lilikuwa limekwisha hapo. Tulipiga hatua kadhaa, kisha akaongeza, "Mimi ningepata miti mingine ya kukata popote. Wewe nani angekuamini tena na utepe?"

"Wangekupeleka polisi, baba!"

"Nililiwaza hilo."

Kwa miaka yote nyumba ile ilinibeba, mama kwa jembe lake, mwanawe kwa kimya chake, na mimi nilidhani nasimama kwa hesabu zangu.

"Na wewe?" akauliza. Hakunitazama. "Siku zile. Ulinidhania?"

Neno "hapana" lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa jepesi, lingetufikisha nyumbani vizuri, na yeye angelipokea hata kama asingeliamini.

"Ndiyo," nikasema. "Siku nzima."

Aliuhamisha msumeno kutoka bega moja kwenda jingine. Akaenda mbele, nami nikabaki nyuma nikiutazama mgongo wake. Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumwuliza. Lakini alipofika kwenye mteremko alipunguza mwendo, akaendelea kuupunguza mpaka nikamfikia.